Mwaka Tuliokwenda Hekalu la Wasomi

Hapana, Ami, hatukwenda kuabudu. Tulikata tiketi getini kama wanavyokata watu wengine wote, tukaingia, tukatembea, mvua ikatunyeshea, tukapiga picha, tukatoka. Hakuna kati yetu aliyeinamisha kichwa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu Ami Seif jana, mbele za watu, sahani ya biriani ingali mkononi, na najua halikuwa jambo la adabu, maana yeye ni mdogo wake baba na siku yenyewe ilikuwa ya hitima. Lakini alikuwa ameshalisema mara ya pili. Mara ya kwanza nilimeza. Alikuwa amekaa kwenye kochi la Shangazi Zuhura, ndani ya nyumba ya Shangazi Zuhura hapa DeSoto, Texas, anakula chakula cha kumrehemu Shangazi Zuhura, na anawaambia wageni kwamba marehemu alikuwa mzima kama chuma mpaka alipoingia kwenye hekalu la Wachina, akatoka na maradhi. Wageni wakaitikia kwa kichwa. Mama mmoja akasema astaghfirullah. Nikaona nikinyamaza tena, basi hadithi hiyo ndiyo itakayobaki, itapelekwa Houston, itapelekwa Unguja kwa simu, na watu wataikumbuka hiyo kuliko watakavyomkumbuka yeye.

Hakutoka na maradhi kule. Aliingia nayo. Aliyabeba ndani ya nguo, akapita nayo uwanja wa ndege wa Dallas ambako mwanamke wa ukaguzi alimpapasa asijue alichokuwa karibu kukigusa, akaenda nayo China, akarudi nayo. Hilo ndilo nililotaka kusema jana na sikulimaliza, kwa sababu baba alinikazia macho na mama akaniita jikoni eti nikaangalie chai. Chai haikuwa hata imebandikwa. Basi naandika, maana karatasi hainikazii macho. Jina langu Sabra, yaani mwenye subira, na tangu utotoni nataniwa kwamba walionipa jina hilo walikuwa wanaomba dua tu. Nitajitahidi kwenda taratibu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza high school, nimekaa nyumbani Missouri City, karibu na Houston, miezi naona ukuta, nikahamia DeSoto kwa Shangazi. Yeye alikuwa na duka la mitandio, mabuibui, udi na marashi, na alitaka mtu wa kumsaidia. Mie nilitaka kuondoka nyumbani na nilitaka kusoma kwa utulivu, kwa sababu nilikuwa nime-register mtihani wa kuingia chuo cha unesi. Chumba alichonipa kilikuwa nusu chumba, nusu stoo. Marobota ya mitandio yalipanda mpaka karibu na dari, kitanda changu kimebanwa katikati, na kila nikijigeuza mkono wangu unagusa plastiki. Nilikipenda chumba kile. Nilibandika picha ya mifupa ya mwili wa binadamu ukutani, na Shangazi akiingia kutafuta robota la kijani au la kahawia alikuwa anaipita ile picha kwa ubavu, haitazami, kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini. Nilidhani anaogopa mifupa. Nilimtania kwamba na yeye anayo hiyohiyo, akasema, "Ya kwangu imefunikwa, mwanangu. Iache ifunikwe."

Nikikumbuka nyumba ile nakumbuka kwanza harufu. Shangazi alifukiza udi asubuhi, akafukiza jioni, akaja kufukiza na mchana. Alikuwa anasimama juu ya chetezo, moshi unamwingia ndani ya dira mpaka unatokea shingoni, na hatoki hapo mpaka macho yanatoa machozi. Nilikuwa naona ni biashara, kwamba muuza udi lazima anukie udi. Kisha nakumbuka chakula. Alikuwa mpishi wa kweli, wa mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, hata kama samaki mwenyewe ametoka kwenye friza ya duka la Wameksiko. Lakini mwaka ule aliacha kukanda unga. Aliniita mie nikande, yeye akae kwenye kiti anielekeze, na nikiuliza kwa nini anasema mkono wa kushoto kaulalia vibaya. Aliulalia vibaya mwezi mzima, akaulalia vibaya mwezi wa pili. Chungu cha wali alikiinua kwa mkono mmoja na mie namtazama, naona tu anachelewesha chakula.

Na simu. Alikuwa na rafiki yake Unguja, Bi Tatu, wanazungumza asubuhi huku kwetu, jioni kule kwao, na ukuta wa chumba changu na wa kwake ulikuwa mwembamba, wa kubisha ngumi. Nilisikia akisema halijatoa maji. Nilisikia akisema habbasoda anapaka, na asali anapaka, na usiku linawaka moto. Nikamuuliza wakati wa chai nani ana jipu. Akasema jirani yake Bi Tatu, masikini, ana jipu baya, na anaogopa hospitali, na kwa nini asiogope, mtu akishatiwa kisu hewa inaingia, ikishaingia hewa kitu kinatambaa mwili mzima. Nikamwambia hewa haifanyi hivyo. Nilikuwa na kitabu, nilitaka kumfungulia ukurasa. Akaniambia dada yake mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake na akatoka amebebwa, na hakukuwa na ukurasa wa hilo. Akanimiminia chai. Nikanywa, nikarudi chumbani kusoma habari za damu na mishipa, nikiwa na haraka zangu.

Safari ya Guangzhou ilikuwa ya mzigo. Alikwenda kila mwaka, na mwaka ule akasema hawezi kuburuta masanduku peke yake, nifuatane naye. Tulikaa kwenye hoteli iliyojaa watu wa kwetu, Watanzania, Wakongo, Wakenya, wote na mabegi yao ya nailoni na mizani ya kupimia mzigo. Juu kulikuwa na mama wa Tanga anayepika wali na maharage kwenye chumba kilichobadilishwa kuwa mkahawa. Tulilala chumba kimoja mie na Shangazi, na mle ndimo nilimopaswa kuona. Alivaa akiwa chooni, mlango umefungwa kwa komeo. Alilala akiwa nusu amekaa, mito yote ya kitanda mgongoni, dira juu ya kanga, kanga juu ya fulana, na joto la Guangzhou lile. Nikamwambia atakufa kwa jasho. Alicheka kidogo, akasema si kwa jasho.

Mzigo ukachelewa kiwandani. Aliyekuwa anatusimamia ni dada wa Kichina aliyefanya kazi kwa wakala wa mizigo, wateja wote wanamwita Neema. Alikaa Kariakoo miaka mingi akiuza vitenge, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni hasa, cha mtu asiyepunguziwa bei. Siku ile ya kungoja alinikuta kwenye ngazi za hoteli na kitabu changu, akauliza nasoma nini, nikamwambia nina mtihani mwezi ujao. Akasema basi twendeni hekaluni. Nje ya mji, mwendo wa gari, kulikuwa na hekalu la kale la Konfusio, mwalimu wao mkuu, ambalo zamani lilikuwa shule, ambako vijana walisomea mitihani ya serikali, na mpaka leo wazazi wanapeleka watoto kabla ya mtihani. Mama yake alimpeleka yeye. "Nikafaulu," akasema. "Nilisoma mpaka nikatokwa damu puani, lakini mama anasema ni hekalu. Mwache, ndiye aliyelipa ada."

Nilitarajia Shangazi akatae. Ndiye aliyekuwa hapiti hata mbele ya kanisa bila kujisomea kitu moyoni. Lakini alimuuliza Neema swali moja, kama kule wanaandika. Neema akasema wanaandika, yupo mzee anaandika kwa brashi, unamwambia neno unalotaka anakuandikia kwenye karatasi nyekundu, watu wanabandika mlangoni. Shangazi akasema twende. Ami akitaka kujua nani aliyempeleka, basi ajue alijipeleka mwenyewe, alikuwa wa kwanza kuingia ndani ya gari.

Mvua ilianza njiani na haikukatika. Si mvua ya kishindo, ilikuwa ile ya kunyunyiza, inayokulowesha wakati unajadili kama ufungue mwavuli. Tulipofika, mlango wa nje ulikuwa mawe matupu, nguzo ndefu zimesimama peke yake bila ukuta, na mawingu yamechongwa juu. Ndani, bwawa la nusu mwezi, maji ya kijani mazito ambayo hata matone ya mvua yalikuwa kama yanayagusa kwa woga. Juu ya bwawa kulikuwa na daraja la mawe la njia tatu. Neema akatueleza kwamba zamani njia ya kati aliipita mtu mmoja tu, yule aliyeongoza mtihani wa nchi nzima, na sasa anaipita yeyote mwenye tiketi. Watoto wa shule na sare zao walikuwa wamepanga foleni, mama zao wamewashika mabega, na kila anayevuka anaambiwa asigeuke nyuma, maana akigeuka bahati inabaki ng'ambo. Mie nikavuka haraka, nikapiga picha ya viatu vyangu. Nikasikia nyuma yangu Neema anasema, "Mama, usigeuke." Shangazi alikuwa amesimama katikati ya daraja, mkono wa kulia kwenye ukingo, amegeuka anatazama tulikotoka. Mama mmoja wa Kichina na mwanawe walikuwa nyuma yake wanangoja, na yule mama alimfunika mwanawe macho kwa kiganja. Nikamwambia Shangazi tunazuia watu. Akasema anapumua kidogo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Kwenye ua wa ndani kulikuwa na mawe makubwa yaliyosimama kama milango isiyo na nyumba, yamechorwa majina ya waliofaulu, karne na karne. Shangazi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nane, alipenda sana mawe yale. Alipitisha kidole hewani mbele yao, hakuyagusa. Akamuuliza Neema waliofeli waliandikwa wapi. Neema akasema hawakuandikwa, walirudi makwao, wengine wakaja kujaribu tena mpaka ndevu zikawa nyeupe, wengine hawakuonekana tena na hakuna aliyewauliza. Alisema vile anavyotaja bei. Ua ulikuwa kimya, na chumba kikubwa mbele yetu kilikuwa kiza, ndani yake hakuna sanamu kubwa kama anavyodhani Ami, kuna vibao vya mbao vyenye majina ya wanazuoni waliokufa, vimesimama safu kwa safu juu ya meza, na mbele yake ngoma isiyopigwa. Nilisimama kwenye kizingiti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, siogopi kitu, na pale nikajisikia kama nimeingia kwenye kikao ambacho tayari kimeshaamua jambo.

Pembeni waliuza vibao vidogo vyekundu, unaandika jina lako na unachokiomba, unatundika juu kwenye kamba pamoja na maelfu ya wengine. Shangazi akaninunulia kimoja, akasema andika jina tu, dua nyingine atakuombea yeye mahali panapostahili. Nikaandika Sabra. Kamba za chini zilikuwa zimejaa. Nikamwambia yeye ni mrefu, anitundikie. Akainua mkono wa kushoto, na mkono ukafika usawa wa kifua ukakataa. Nauona mpaka leo ule mkono, vidole vimekishika kibao kwa nguvu, na uso wake umegeukia kando ili tusiuone. Neema alikitwaa kibao, akakitundika. Kisha akamtazama Shangazi kwa muda, akanitazama mie, kama aliyengoja niseme kitu. Nilisema tufanye haraka, naloa.

Mwandishi alikuwa mzee chini ya paa, na meza, na wino anaousaga mwenyewe kwenye jiwe. Aliyetutangulia alikuwa mwanafunzi, aliandikiwa neno la kufaulu. Nikajua sasa ni zamu yangu. Shangazi akamwambia Neema amwambie mzee aandike maisha marefu. Mzee akajibu, Neema akatafsiri, kwamba hapa watu wanaombea mitihani, ya maisha marefu wanakwenda kwingine. Shangazi akasema, "Mwambie yeye aandike. Kwingine nitakwenda mwenyewe." Mzee akacheka, akachovya brashi, akaandika neno moja kubwa jeusi, na wino ukawa unang'aa kama lami mbichi. Nilikasirika, nakiri. Safari nzima ilikuwa ya mtihani wangu, na neno limeandikwa la uzee wake. Garini nilivaa headphone. Yeye akaipakata karatasi ile mapajani mpaka ilipokauka.

Tuliporudi Texas tulipitia Houston kupeleka mzigo, tukalala kwetu Missouri City. Ami Seif alikuwepo. Hakuna aliyetaja maradhi, Ami mwenyewe alimwambia Shangazi kwamba China imemnenepesha. Alikuwa hajanenepa, alikuwa amevaa nguo tatu. Tulikaa chini tunakula boko boko, watu wanabishana kuhusu nyumba zinavyopanda bei kule Sugar Land, na mama akavuta pumzi, akacheka, akasema, "Wifi, unafukiza hivi, mtu atadhani ndani mwako kuna maiti." Ulikuwa utani wa mawifi, kila siku wanatupiana. Lakini Shangazi hakurudisha. Aliweka tonge sahanini, akainuka kwa kushika bega langu, akaenda kunawa, na maji yakasikika yanatiririka muda mrefu kuliko mkono mmoja unavyohitaji. Mama akaniuliza kwa macho kuna nini. Nikainua mabega. Kweli sikujua, lakini tangu hapo nikawa sili vizuri ninapokaa karibu naye, na nikajichukia kwa hilo, maana nyuma ya udi kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya kitu kilichokaa sana kwenye maji.

Siku ya kuamkia mtihani wangu ilikuwa ya upepo. Texas ukikaa mwaka mmoja unajifunza kuangalia mbingu, na mchana ule ilikuwa ya rangi ya michubuko. Nilikuwa maktaba. Simu zetu zote zikalia kwa pamoja, onyo la kimbunga, na wa maktaba wakasema wanaokaa karibu waende sasa au wasiende kabisa. Nika-drive mpaka nyumbani majani yanapita mbele ya kioo kama ndege wanaokimbia. Niliingia namwita Shangazi. Jikoni hakukuwa na mtu. Mezani kulikuwa na sahani nyeupe ya kauri, ile kubwa aliyokuwa hatupakulii chakula, na ndani yake karatasi nyekundu ya hekaluni imelala kwenye maji, na neno la yule mzee limeshatoka nusu. Maji yalikuwa meusi. Chupa ya marashi ilikuwa wazi kando yake.

Kwetu sahani nyeupe na marashi ni kitu kimoja tu. Ni kombe. Mwenye elimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa marashi ya mawaridi, mgonjwa anakunywa maandishi yale au anajipaka mahali panapouma. Mama yake Shangazi alikuwa anasifika kwa kombe. Mie mwenyewe nililinywa nikiwa mdogo nilipopata surua. Lakini lile lilikuwa la Qurani, na hili lilikuwa la mzee wa Kichina ambaye hata dini yake hatuijui, na wino wa masizi. Nilisimama pale king'ora cha mji kimeanza kulia nje, kile kinachopanda na kushuka, na nikaelewa vitu vingi kwa mpigo, bila mpangilio, mkono, mito, Bi Tatu, jipu. Hilo la kombe Ami halijui. Akilijua atapata la kusema mpaka afe. Na mie sitamwambia, nitaliandika tu, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa alikuwa ameogopa kiasi gani.

Choo ndicho chumba pekee kisicho na dirisha nyumba ile, na ndiko unakokwenda king'ora kikilia. Nikabisha. Alisema ngoja. Nikamwambia kimbunga hakingoji, fungua. Akafungua. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, kanga imebanwa kifuani kwa mkono wa kulia, na weusi umepenya kanga ukatokea nje, na pembeni ya weusi kulikuwa na unyevu mwingine usio mweusi. Nikavuta godoro dogo la stoo, nikaingia nalo, nikafunga mlango nyuma yangu, nikalisimamisha juu yetu kama tunavyofundishwa. Taa ikazimika. Tukawa tumekaa ndani ya beseni, magoti kwa magoti, hakuna chetezo, hakuna udi, na harufu ile ikawa haina pa kwenda. Nje kitu kikubwa kilikuwa kinaburuzwa barabarani. Tulisikia kioo cha jirani kikivunjika, kisha kimya, kisha upepo tena.

Nikamwambia anionyeshe. Akasema sina adabu. Nikasema ndiyo, sina, anionyeshe. Nikawasha taa ya simu. Sitaandika nilichokiona. Ni chake na amezikwa nacho. Nitasema tu kwamba ukurasa wa saratani ya titi kwenye kitabu changu haukuwa na picha ya kitu kilichofika pale, kwa sababu waandishi wa kitabu hawakutegemea mtu angengoja kiasi hicho.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu hujahamia."

"Na unajipaka maandishi ya watu."

"Maandishi ya wenye elimu," akasema. "Qurani nilishaandikiwa, Sabra. Mara ngapi. Nikaona labda tatizo ni mie, labda sistahiki. Yule mzee hanijui. Nilitaka aniombee mtu asiyenijua."

Hakulia. Mie ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi ya huruma. Nikamwambia kimbunga kikipita tunakwenda hospitali. Akasema kesho nina mtihani, na mtihani huo ameuombea kila sala tangu nilipohamia kwake, na kama nikiukosa kwa ajili yake basi ni kama amekula riziki yangu. Akasema nifanye kwanza, tutazungumza. Akasema pia niape kwamba sitamwambia baba wala Ami, wala mama, hasa mama. Alininyooshea kidole kidogo kama watoto wanavyoapishana, gizani, nikakiona kwa mwanga wa simu, kimeingia wino mpaka kwenye kucha. Sikukishika. Aliendelea kukinyoosha, na mie naendelea kutokishika, mpaka king'ora kikanyamaza na tukasikia mvua ya kawaida.

Aliishi miaka mitano baada ya siku ile. Nawaambia wale waliokuwa wakiitikia kwa kichwa jana, miaka mitano, na mingine ilikuwa mizuri. Ami anaihesabu kama miaka ya kuugua. Mie naihesabu vingine, lakini jioni ile sikuwa na namna ya kuijua. Jioni ile nilijua tu kwamba umeme haujarudi, kwamba mti wa jirani umelala juu ya uzio wetu, na kwamba Shangazi ametoka chooni amevaa dira safi, akamwaga maji meusi kwenye sinki bila kunitazama, akaisuuza sahani, akaikausha kwa kitambaa, akairudisha kabatini. Karatasi akaikunja ingali majimaji akaitupa. Akawasha jiko la gesi kwa kiberiti, akapika chai ya tangawizi, akanikatia mkate, akanipakia siagi mpaka pembeni kama anavyojua napenda. Akaniwekea penseli mbili na kitambulisho juu ya meza. Akaniambia atanisindikiza mpaka mlangoni pa mtihani, atanisomea Yasin garini. Alizungumza kwa furaha, kama mtu aliyeepuka balaa.

Nikamwitikia ndiyo. Nikanywa chai. Nikaingia chumbani, nikakaa kati ya marobota, na nikaamua. Asubuhi nitamwacha avae, nitamwacha apande garini mwenyewe na tasbihi yake, nisimwambie kitu. Penye njia ya kukata kwenda kwenye mtihani sitakata, nitanyoosha mpaka hospitali, kwenye mlango wa dharura. Akikataa kushuka nitakaa naye humo humo garini, na huku anakataa nitampigia baba simu, niiweke kwenye spika, nimwambie yote Shangazi akisikia.